Tusitazame Picha za Nyota Bila Kutazama Nyota

Mwezi wa Juni mwaka 2023 tulialikwa kuzungumza na wanafunzi wa sekondari moja hapa mkoani Ruvuma. Kabla ya mazungumzo mwalimu alimsimamisha binti mmoja wa kidato cha kwanza, naye akataja sayari zote nane kwa mpangilio wake kutoka kwenye Jua, kwa Kiingereza, bila kukosea hata moja. Wenzake wakampigia makofi, nasi tukampigia. Jua lilipokwisha kutua tukatoka nje pamoja nao. Upande wa magharibi, juu ya paa la bweni, Zuhura ilikuwa ikiwaka kama taa ya karabai. Tukamwuliza binti yule: "Mwanangu, ile ni nini?" Akatazama kwa makini, kisha akajibu kwa adabu: "Ni taa ya mnara wa simu, Mzee."

Hatukucheka, wala msomaji asicheke. Binti yule hakuwa na kosa. Alikuwa amefundishwa jina la sayari, lakini hakuna aliyemwonyesha sayari yenyewe. Jioni hiyo hiyo mwalimu wake alitufungulia simu yake ya mkononi akatuonyesha nguzo kubwa za gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa, picha iliyopigwa na darubini ya James Webb. Ni picha ya ajabu, ambayo wafalme wa zamani wasingeweza kuinunua hata kwa dhahabu yao yote. Basi picha ilikuwa mkononi, na sayari ilikuwa juu ya paa, lakini hapakuwa na daraja baina ya hizo mbili. Leo tunapenda kusema juu ya daraja hilo, kwa sababu tunaamini kwamba linaweza kujengwa kwa gharama ndogo, na kwamba ndugu zetu wa Unguja na Pemba wana sehemu yao katika kulijenga.

Kwanza tukiri neema tuliyo nayo. Mzazi wa miaka ya 1970 aliyetaka mtoto wake ajue habari za nyota alihitaji kitabu, na kitabu kilikuwa adimu. Leo mambo yamegeuka. Darubini ya Hubble, iliyorushwa tarehe 24 Aprili 1990, imekuwa ikituma picha kwa zaidi ya miaka thelathini. Darubini ya James Webb ilirushwa tarehe 25 Desemba 2021, ina kioo chenye upana wa mita 6.5, na imewekwa umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Picha za darubini zote mbili hutolewa kwa umma bila malipo. Tangu mwaka 1995 wataalamu wa Marekani huchapa katika intaneti picha moja ya anga kila siku pamoja na maelezo mafupi. Tangu mwaka 2016 kipo kitabu kizima cha kuanzia somo la falaki, kilichoandikwa na maprofesa, ambacho mtu yeyote anaweza kukichukua bure. Ipo pia programu iitwayo Stellarium, nayo ni ya bure, inayoonyesha anga la mahali popote na la siku yoyote. Ukiiambia uko Songea, itakuonyesha nyota za Songea, na ikishawekwa katika kompyuta haihitaji intaneti kila mara.

Nasi watu wa kusini hatuko tena gizani kama zamani. Njia kubwa ya umeme kutoka Makambako iliufikisha mji wetu katika gridi ya Taifa mwaka 2018, na simu zenye intaneti zimeenea hata vijijini. Kwa hiyo basi, hatuwezi kusema tena kwamba elimu hii iko mbali. Imefika mlangoni. Swali ni namna ya kuikaribisha ndani.

Ukweli ni kwamba picha peke yake haifundishi. Mtu anaweza kutazama picha mia moja za galaksi akiwa amelala kitandani, akasema "maashallah" mara mia moja, asubuhi akaamka hajui Mwezi utatokea saa ngapi. Picha ni jibu, na jibu humfaa yule aliyekwisha kuuliza swali. Wazee wetu walianza na swali, kwa sababu maisha yao yalitegemea anga.

Tuchukue mfano wa Kilimia, kile kichane cha nyota ndogo zilizokusanyika pamoja. Jina lake limetoka katika kulima. Waswahili husema kwamba Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Huo ni ukweli uliopimwa kwa macho. Kila mwaka, mwezi wa Mei, Jua linapita karibu na Kilimia, nacho hupotea katika mwanga wake kwa siku kama arobaini. Kinapotoweka jioni, pwani ingali katika masika. Kinaporudi mwezi wa Juni, kikionekana alfajiri upande wa mashariki, mvua imekwisha. Mkulima asiyejua kusoma aliisoma kalenda hiyo bila kukosea. Picha za darubini zinamwongezea mjukuu wake yale ambayo babu hakuweza kuyaona: kwamba hizo nyota sita au saba za macho ni mamia ya nyota zilizozaliwa pamoja, na kwamba ziko mbali kiasi cha miaka ya nuru 440 hivi. Maana yake ni kwamba nuru inayoingia machoni mwetu leo iliondoka huko kabla Ngome ya Yesu ya Mombasa haijaanza kujengwa mwaka 1593. Hapo babu na darubini wamekutana, na mtoto anajua kwamba yeye ni mrithi wa wote wawili.

Sisi tuliosoma chuoni kabla ya kwenda shule ya Serikali tulikuta jambo jingine la kututia moyo. Katika programu hizo za kigeni tulisoma jina Aldebaran, tukalitambua: ni Kiarabu, maana yake ni mfuasi, kwa kuwa nyota hiyo huifuata Kilimia angani. Rigel ni mguu. Deneb ni mkia. Fomalhaut ni kinywa cha samaki. Mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi aliandika huko Uajemi kitabu cha nyota, akataja wingu dogo katika kundi la Andromeda. Wingu lile, ambalo sisi wa Songea twaweza kuliona kwa macho upande wa kaskazini katika usiku wa Novemba usio na mawingu wala mbalamwezi, lilithibitishwa katika miaka ya 1920 na Edwin Hubble kuwa ni galaksi nzima nje ya galaksi yetu, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5. Elimu hii basi haina kabila wala bara moja. Imepita mikononi mwa wengi, na mikono yetu nayo inaalikwa.

Msomaji wa Pwani atatukumbusha kwamba zama hizi mpya ziliwahi kuanzia baharini kwetu. Ni kweli, na ni aibu kwamba vijana wengi hawaijui habari hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru wake, chombo cha Marekani kilirushwa na Waitalia kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu ni karibu na Ikweta, ambako mzunguko wa Dunia husaidia kusukuma roketi. Chombo kile kilikuwa cha kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Kwa heshima ya wenyeji kikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Chombo hicho kiliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na uchunguzi wake wa chanzo kiitwacho Cygnus X-1 uliwasaidia wataalamu kukubali kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Jina lilikuwa letu na bahari ilikuwa yetu, lakini elimu iliyopatikana ilikwenda kuandikwa katika vitabu ambavyo watoto wetu hawakuvisoma. Hatusemi hivyo kwa kulalamika juu ya Wamarekani wala Waitalia. Wao walifanya kazi yao, na matokeo wakayachapa wazi. Tunasema kwa kujilaumu sisi wenyewe. Kitu kinaweza kupita mbele ya mlango wako kikiwa na jina lako, na bado usikifahamu, ikiwa hukutoka nje kukitazama.

Je, tutatoka vipi? Hapa hatuna haja ya kubuni jambo geni, kwa maana Taifa letu limewahi kulifanya. Wazee wanakumbuka kwamba mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwamba mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya "Mtu ni Afya". Katika kampeni ile watu wapatao milioni mbili, mijini na vijijini, walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio. Redio ilikuwa moja kwa watu wengi. Lakini haikuachwa iseme peke yake. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo, na kilikuwa na kijitabu kwa Kiswahili chepesi. Baada ya kipindi watu walijadiliana, na baada ya majadiliano walitenda: walichimba vyoo, walifyeka vichaka, walichemsha maji. Elimu iliingia kwa masikio ikatokea mikononi.

Sisi tunashauri kwamba intaneti na picha za darubini zitumiwe kwa mtindo ule ule. Simu moja au kompyuta moja yatosha kwa watu ishirini, ikiwa pana kiongozi, pana kijitabu, na pana tendo. Kikundi cha namna hiyo tumekijaribu katika mtaa mmoja wa mjini kwetu, tukiwa na walimu wawili, mafundi cherehani watatu na wanafunzi wa rika mbalimbali, na tumejifunza mambo machache tunayopenda kuyaeleza.

Jambo la kwanza ni utaratibu. Macho hutangulia, picha hufuata. Kikundi hukaa nje kwanza, bila taa, mpaka macho yazoee giza, kwa muda wa kama nusu saa. Kila mtu huchora katika daftari anachokiona. Ndipo ramani ya anga hufunguliwa, kila mmoja akasahihisha mchoro wake. Mwisho kabisa hufunguliwa picha ya darubini ya kitu kile kile walichokwisha kukiona. Katikati ya Julai, kwenye saa nne na saa tano za usiku, kundi la Nge huwa juu kabisa hapa Songea, na karibu nalo Njia Nyeupe huwa nene na yenye mwanga kuliko kwingine. Huko ndiko kiliko kitovu cha galaksi yetu, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 26,000. Mzungu wa London hukiona chini kabisa, karibu na upeo wa macho. Sisi tunacho utosini. Tarehe 12 Mei 2022 wataalamu waliounganisha darubini za redio za mabara kadhaa walitoa picha ya shimo jeusi lililoko hapo, lenye uzito wa Jua letu mara milioni nne. Picha yenyewe ni kama andazi lenye tundu, na asiyeelezwa huipita haraka. Lakini wanakikundi waliokwisha kutazama mahali penyewe kwa shingo zao walinyamaza kimya walipoiona, na maswali yao hayakuisha mpaka saa sita.

Jambo la pili ni kujua kusoma picha. Kijana mmoja alituuliza kama rangi za picha za Webb ni za kweli, au kama tunadanganywa. Ni swali zuri sana. Darubini ile hupokea miale ya infraredi, ambayo jicho la binadamu haliwezi kuiona. Wataalamu huipa rangi kwa kanuni: mawimbi marefu hupewa wekundu, mafupi hupewa buluu. Rangi hizo basi ni kama rangi za ramani. Mkoa wa Ruvuma ukipakwa kijani katika ramani, hakuna anayedhani kwamba udongo wake ni wa kijani, lakini mipaka ya mkoa ni ya kweli. Mwanafunzi aliyelielewa hilo hatazamishwi tena picha, anaisoma.

Jambo la tatu ni kupambanua kweli na uongo. Intaneti hubeba vyote viwili katika kikapu kimoja. Tangu mwaka 2003 umekuwa ukizagaa karibu kila Agosti uvumi kwamba Mirihi itaonekana kubwa kama Mwezi mpevu. Ulitokana na habari ya kweli, kwa kuwa mwaka ule Mirihi ilikaribia Dunia kiasi cha kilomita milioni 56, lakini kwa macho ilibaki nukta nyekundu. Kikundi chenye desturi ya kutoka nje hakihitaji mtaalamu wa kukanusha uvumi huo. Hutoka, hutazama, hurudi ndani. Na mtu aliyejifunza kupima uvumi wa anga kwa macho yake mwenyewe hatakuwa mwepesi wa kuamini uvumi wa sokoni.

Sasa tunafika kwa ndugu zetu wa visiwani, na kwa tendo tunalotamani tulifanye pamoja nao.

Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Eratosthenes alipima ukubwa wa Dunia kwa vivuli vya miji miwili ya Misri. Songea na mji wa Unguja zinaweza kufanya hivyo hivyo kwa fimbo mbili na simu mbili. Chukua tarehe 23 Septemba, siku ambayo Jua huwa juu ya Ikweta. Shule moja ya Songea na shule moja ya Unguja zisimamishe kila moja fimbo ya mita moja, wima kabisa, penye ardhi tambarare. Wanafunzi waweke alama ya ncha ya kivuli kila baada ya dakika mbili, hata wapate kivuli kifupi kuliko vyote. Wasingoje saa sita kamili kwa saa ya mkononi; Jua halifuati saa zetu. Unguja, iliyo mashariki zaidi, itafikia kivuli chake kifupi kama dakika 14 kabla ya Songea, na hilo peke yake ni somo la kwanza juu ya kuzunguka kwa Dunia.

Kivuli cha Unguja kitakuwa kama sentimita 11, cha Songea kama sentimita 19. Shule zipigiane simu, zibadilishane vipimo. Kwa hesabu ya pembe, au kwa kuchora pembetatu kwenye karatasi na kuipima kwa kipimapembe, wataona kwamba Jua limeinama Songea zaidi ya Unguja kwa nyuzi nne na nusu. Nyuzi nne na nusu huingia katika nyuzi 360 za duara mara 80. Kisha wapime katika ramani umbali wa miji hiyo miwili kwa mstari wa kaskazini hadi kusini tu. Watapata kilomita kama 500. Mara 80, ni kilomita 40,000, na huo ndio mzingo wa Dunia. Asiyepima kwa uangalifu atakosea, kwa kuwa sentimita moja ya uzembe huharibu hesabu nzima. Nalo ni somo pia, tena la faida kwa mtu wa kazi yoyote.

Tunaomba msomaji alitafakari jambo hili. Songea peke yake haiwezi kuipima Dunia kwa njia hii. Unguja peke yake nayo haiwezi. Fimbo moja ni fimbo tu. Fimbo mbili, bara na visiwani, ni sayansi. Katika kuzungumza juu ya Muungano wetu huwa tunatumia maneno mengi. Mtoto aliyepata kilomita 40,000 kwa kivuli chake na kivuli cha mwenzake wa ng'ambo hatahitaji kuhutubiwa sana.

Yako mambo mengine ya kubadilishana. Mtoto wa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, amekua karibu na maji mengi lakini hajui bamvua wala maji mafu. Mwanamke wa Paje au Jambiani alimaye mwani anayajua yote mawili, kwa sababu kazi yake hufuata Mwezi: mwandamo na mpevu humpa bamvua, na bahari ikakupwa mbali hata akafika shambani kwake. Mwacheni mama huyo awaeleze watoto wetu kwa simu. Nao watoto wetu watamweleza habari za anga la nyanda za juu katika baridi ya Julai.

Mwisho tunawageukia viongozi na watendaji wa Serikali, wa Bara na wa Visiwani, kwa unyenyekevu lakini bila kuficha.

Kwanza, lugha. Katika shule za msingi za Serikali za Tanzania Bara mtoto hufundishwa kwa Kiswahili. Akiingia sekondari hukutana na mfumo wa Jua kwa Kiingereza. Huvuka mto wa lugha na mto wa elimu kwa siku moja, na wengi huzama. Majina tunayo: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Lakini kitabu kimoja husema unajimu, kingine falaki, kingine astronomia, na neno unajimu watu wengi hulielewa kuwa ni kupiga ramli kwa nyota. Tunaliomba Baraza la Kiswahili la Taifa, pamoja na Baraza la Kiswahili la Zanzibar, yakae pamoja yatupe istilahi zilizokubaliwa za somo hili, na kijitabu chembamba cha kiongozi wa kikundi. Wanaoweza kusaidia wapo. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ameielimisha jamii juu ya anga letu kwa miaka mingi, na kazi ya namna hiyo yafaa ipate warithi.

Pili, milango. Zipo shule zenye kompyuta zinazofungwa kwa kufuli saa tisa alasiri, na anga hufunguka saa moja jioni. Jioni moja kwa wiki, chini ya mwalimu, yatosha. Mwalimu huyo ahesabiwe kuwa yuko kazini.

Tatu, maandalizi. Tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipopatwa kwa umbo la pete, maelfu ya watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, na sisi wa Songea tuliona sehemu kubwa ya Jua ikifunikwa. Miwani maalumu ilikuwa michache, na tuliwaona kwa macho yetu watoto wakilitazama Jua bila kinga, jambo linaloweza kuharibu macho kwa maisha yote. Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa kabisa katika Misri na Saudia, na kwa sehemu katika Afrika Mashariki. Kupatwa huko kunajulikana mpaka kwa dakika yake. Tukikutwa hatuna kinga, hatutaweza kusema kwamba hatukuambiwa.

Majirani zetu hawakulala. Kenya, Msumbiji na Zambia zimo miongoni mwa nchi nane za Afrika zilizoshirikiana na Afrika Kusini katika mradi mkubwa wa darubini ya redio, na huko Afrika Kusini antena 64 za MeerKAT zilizinduliwa Julai 2018. Jina la Tanzania halimo katika orodha hiyo ya nane. Hatudai kwamba Taifa linunue darubini za mamilioni kesho. Lakini nchi isiyo na watoto wanaojua kuitofautisha Zuhura na taa ya mnara haitakuwa na mtu wa kumpeleka siku itakapoalikwa.

Kwa upande wetu kikundi cha mtaani kitaendelea, na tumekwisha kuchagua uwanja wa kusimamisha fimbo tarehe 23 Septemba. Tunaisubiri shule ya Unguja itakayokubali kusimamisha ya pili.